Unapumzika Kutoka Kazi Gani?

Inuka.

Nasema na wewe. Wewe uliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, saa nne ya asubuhi, khanga magotini, mkono mmoja umeubandika kifuani utadhani usipoushikilia moyo utadondoka. Mpita njia akikujulia hali unamjibu, "Tunasukuma siku."

Unazisukuma kwenda wapi?

Ulipasuliwa kifua mwaka juzi. Mfupa umeunga. Dawa unakunywa. Kila ukienda kliniki unaambiwa mlango wa moyo unafunguka na kufunga sawasawa. Na bado umekaa! Hapo huponi tena. Hapo unazoea kiti.

Mimi hicho kiti nakijua, maana nilikikalia miezi mitano. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nikastaafu nikiwa na miaka 60. Nilipofika 64, mlango mmoja wa moyo wangu ulikuwa umekakamaa. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa. Yalipita kooni, yakaacha alama moyoni, ikakaa kimya miaka na miaka. Nikafika mahali ambapo kutoka kitandani hadi chooni napumzika mara mbili. Usiku nalala nimeegemea mito minne, kwa sababu nikilala chali nahisi nazama. Miguu imevimba, viatu havipiti. Wakanipeleka Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Wakaniwekea valvu ya bandia, ile wagonjwa tunayoiita ya chuma.

Nikarudi Tanga. Nikakaa kwenye kiti.

Aliyenitoa pale hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja wa Muheza, miaka 71, tuliyekutana kwenye benchi la kliniki tukisubiri kupimwa damu. Nilimwamkia, akaitikia. Miguuni kwake kulikuwa na kikapu cha machungwa; amepanda gari la alfajiri, na akitoka pale anakwenda kuyauza. Naye ana valvu ya bandia, alinitangulia kuwekewa. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, siku hizi unafanya nini?"

Nikamjibu kwa ile sauti yetu ya kigonjwa. "Aa, mimi napumzika tu, mama."

Hakusema kitu. Akachukua chungwa, akaanza kulimenya kwa kisu kidogo, ganda likishuka kama utepe bila kukatika. Alipolimaliza ndipo akanitazama.

"Unapumzika kutoka kazi gani?"

Sikuwa na jibu.

Wewe unalo?

Sisemi kupumzika ni kosa. Walichokufanyia si jambo dogo. Walikata mfupa wa kifua kwa msumeno. Wakakuunganisha na mashine ya moyo na mapafu, wakausimamisha moyo wako. Ulisimama kabisa! Mashine ikasukuma damu kwa niaba yake, huku daktari mpasuaji akiutoa mlango mbovu na kuushona mpya, uzi kwa uzi. Kisha wakauamsha, wakaufunga mfupa kwa nyaya za chuma, wakakushona. Mfupa ule unataka wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo hubebi ndoo, hunyanyui mjukuu, huvuti mlango mzito. Ukitaka kukohoa unaukumbatia mto kifuani. Ni haki yako. Pumzika, ule, ulale.

Lakini wiki 12 ni miezi mitatu. Wewe uko mwezi wa ngapi?

Moyo waliuamsha. Wewe nani akuamshe?

Moyo wa mtu mzima hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Wako nao umo humo. Jana usiku ulipokuwa unakoroma, wenyewe ulikuwa kazini. Sasa hivi unaposoma, uko kazini. Kile kiungo kilichopasuliwa, kikasimamishwa, kikashonwa, kimerudi kazini siku ile ile. Na wewe mwenye miguu miwili ambayo hakuna aliyeigusa kwa kisu, wewe ndiye bado unajiuguza?

Usinikasirikie. Au nikasirikie, mradi ukasirike umesimama.

Wakumbuke waliochanga. Mwanao mmoja aliuza kiwanja. Dada yako alitoa hela ya mchezo wake, zamu aliyoingoja mwaka mzima. Msikitini ilipita kofia, au kanisani ilipita bahasha. Jirani uliyenuniana naye akaja usiku na noti zilizokunjwa, akakupa bila kusema neno. Watu hao walikuwa wananunua nini? Walikuwa wananunua mzee wa kukaa chini ya mwembe akihesabu vidonge? Walikuwa wanakununua wewe! Yule mwenye kicheko. Yule anayejua kupika pilau ya watu 100. Yule anayesuluhisha ndoa za mtaa mzima. Yuko wapi yule? Wamelipa, na hawajapokea.

Mimi nilianza na nguzo za umeme.

Mtaa wetu wa Ngamiani una nguzo kama mtaa wako. Asubuhi ya kwanza nilifika nguzo ya pili. Jasho linanitoka, nimeikumbatia nguzo kama mlevi, watoto wa shule wananiamkia huku wanashangaa. Nikarudi. Kesho yake nguzo ya pili tena. Siku ya tatu, nguzo ya tatu. Wiki ya pili miguu ikavimba. Sikujitia ushujaa, nikaenda kliniki, wakanirekebishia dawa ya kupunguza maji mwilini, nikasimama siku nne, nikaanza upya. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nguzo ya 19. Nguzo ya 19 ina tangazo la fundi cherehani na msumari uliochomoza kidogo. Nikifika naugusa kwa kidole. Mpaka leo nikipita naugusa.

Kipimo kilikuwa kimoja, nilichofundishwa hospitalini: tembea huku unaweza kuongea. Ukiona sentensi inakatika katikati, punguza mwendo. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, moyo ukienda mbio bila kutulia, simama, kaa, tafuta hospitali siku hiyo hiyo. Hayo si woga. Hayo ni akili. Woga ni kukataa kutoka kabisa.

Leo natoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri, nafika Raskazone jua likichomoza, navua viatu, naingiza miguu baharini. Nina miaka 67. Mtu aliyekuwa anapumzika mara mbili akienda chooni!

Ilichukua muda gani? Miezi. Je, hiyo miezi haikupita kwako? Ilipita. Ilipita hapo hapo kwenye kiti.

Najua unachotaka kusema. Mwalimu husikia kisingizio kabla hakijatoka mdomoni. Nimeambiwa na watoto kwamba daftari limeliwa na mbuzi, na siku moja kweli lilikuwa limeliwa, lakini zoezi lilifanywa vilevile.

Unataka kusema umezeeka.

Basi nikwambie kitu kuhusu hicho kilichomo kifuani mwako. Mwaka 1958, huko Oregon, Marekani, mtu mmoja alimwendea daktari kijana wa upasuaji aitwaye Albert Starr. Mtu huyo ni Lowell Edwards. Alikuwa mhandisi mstaafu, wa miaka 60, aliyetumia maisha yake kutengeneza pampu na mitambo ya maji. Ujanani aliugua ile homa inayofuata mafindofindo yasiyotibiwa na kuharibu milango ya moyo. Mstaafu! Angeweza kukaa barazani kwake akaangalia magari yanapita, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alibisha hodi, akasema anataka kutengeneza moyo wa bandia. Daktari akamshauri waanze na mlango mmoja. Wakafanya kazi bega kwa bega, na mwaka 1960 mtu mzima akawekewa valvu yao, kigololi ndani ya kizimba kidogo, akarudi nyumbani hai.

Unasikia? Valvu za leo zina umbo jingine, lakini njia ilifunguliwa na mzee wa pensheni. Unapumua leo kwa sababu mtu wa rika lako alikataa kukaa. Halafu wewe unautumia umri wako kama barua ya ruhusa ya kutofanya kitu?

Na yule mgonjwa wa kwanza kuishi nayo miaka? Hakufa kwa moyo. Miaka mingi baadaye alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Ngazi sikushauri, wewe mwenye dawa za damu. Ninachotaka uone ni alipokuwa. Alikuwa ameshika brashi. Alikuwa na ukuta haujaisha.

Wewe ukuta wako ni upi?

Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alibadilishiwa valvu Aprili 2019 akiwa na miaka 75. Juni mwaka huo huo alikuwa jukwaani Chicago, anaimba, anakimbia. Utasema yeye ni tajiri. Ni kweli. Utasema yeye hakupasuliwa kifua, valvu ilipitishwa kwenye mshipa. Ni kweli pia, na ndiyo maana yeye alihitaji majuma na wewe unahitaji miezi. Lakini fedha haijawahi kuinua mguu wa mtu. Mazoezi aliyafanya kwa miguu yake. Na mguu wake na mguu wako imeumbwa kwa udongo mmoja.

Unataka kusema unaogopa.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu hofu hii si ya kuchekwa. Valvu ya chuma ina sauti. Usiku wa kwanza nyumbani, taa zimezimwa, mtaa umelala, nikaisikia: tik, tik, tik. Sikulala. Nilikuwa naisikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi dirishani. Ikinyamaza je? Nikabana pumzi ili niisikie vizuri zaidi, nikaongeza hofu juu ya hofu. Nilikwenda hivyo majuma mengi. Nililia, mtu mzima, bila sababu ninayoweza kuitaja. Kama na wewe unalia bila kujua unalilia nini, jua kwamba jambo hili huwapata wengi baada ya upasuaji wa moyo, na mwambie daktari wako. Usilifiche. Ni sehemu ya matibabu kama kidonda kilivyo.

Kisha siku moja msikitini, tumemaliza swala, jirani yangu akanitazama mkononi. Hakuona kitu. Akaninong'oneza, "Shekhe, saa yako ina kelele, umeiweka wapi?" Nikauchukua mkono wake nikauweka hapa, juu ya kovu. Akatulia. Macho yakamjaa machozi. Akasema, "Subhanallah, inafanya kazi."

Inafanya kazi! Mimi nilikuwa nasikiliza isinyamaze. Yeye alisikia kwamba inapiga. Sauti ni ile ile. Tangu siku hiyo, nikiamka usiku nikaisikia, najua nimeongezewa usiku mwingine.

Unataka kusema dawa zinakubana.

Zinakubana kwa sababu hujaziweka kwenye ratiba yako. Umejiweka wewe kwenye ratiba yao. Wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ni dozi moja ya jioni, saa ile ile kila siku. Mimi nakunywa taarifa ya habari ya saa mbili ikianza. Inachukua nini? Nusu dakika. Damu yako ipimwe INR, kile kipimo cha inavyoganda, kila unapoagizwa, ukijue kiwango chako kama unavyoijua namba yako ya simu: wenye valvu ya chuma ya upande wa mitrali kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5, mlango wa aota mara nyingi kati ya 2 na 3. Chako muulize daktari, kiandike, kibandike ukutani.

Na mchicha, jamani! Nani alikwambia usile mchicha maisha yako yote? Umeacha mchicha, umeacha matembele, umeacha kisamvu, unakula ugali na huzuni. Mboga za majani zina vitamini K, na vitamini hiyo hupambana na wafarini. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dawa ipangwe kwa chakula chako. Hatari ni kutokula kabisa wiki tatu halafu ukafumania sufuria la kisamvu cha nazi harusini. Kula kisamvu chako. Kula kidogo, kula kila mara, kula kwa raha.

Kwenye mambo haya mengine sitakubembeleza. Usichomwe sindano ya diklofena kwa sababu mgongo unauma na duka la dawa liko karibu. Usichanganye na mizizi ya mtu anayepita na begi. Usikubali kung'olewa jino kabla hujasema, "Nina valvu ya bandia." Homa ikikaa siku kadhaa, usinunue vidonge kienyeji, nenda wapime damu, kwa sababu vijidudu hupenda kujenga kwenye valvu. Choo kikiwa cheusi, fizi zikivuja, mkono ukilegea ghafla au ulimi ukawa mzito, ni hospitali, saa hiyo hiyo, si kesho. Ukishayajua haya, umemaliza. Ondoka uishi! Dereva hujifunza alama za barabarani ili aendeshe gari, haegeshi gari maisha yake yote akizisoma.

Unataka kusema watoto hawataki.

Ninawajua watoto hao, ninao wanne. "Baba kaa." "Mama acha, utaanguka." Wanakupokonya ufagio, wanakupokonya hata kikombe cha chai. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Na kwa mapenzi hayo hayo watakumaliza, usipowafundisha. Wa kwangu niliwaita wote. Nikawaambia: mlilia nisife, asanteni. Sasa niacheni niishi. Binti yangu mdogo akakasirika, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alikuja asubuhi akaniambia, "Baba, twende huko kwenye nguzo zako." Tukaenda naye. Nguzo ya 11 akaanza kuhema yeye!

Na mwenza wako? Mna miezi mingapi mnalala kama wageni wawili wa gesti moja, kila mtu anaogopa kumgusa mwenzake? Muulize daktari. Usione haya, ameshaulizwa na wengi. Mara nyingi anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana, hilo nalo analiweza.

Sasa niambie, kilichobaki ni nini?

Nakwambia kilichobaki: ni wewe kutoamini kwamba umepewa. Bado unajiona mtu aliyeahirishiwa kifo, unakaa kimya usije ukasikika, ukakumbukwa. Ndugu yangu, hakuna anayekusaka! Miaka hii ni yako. Zamani kidogo tu, kabla Taasisi ile ya Dar es Salaam haijasimama yenyewe mwaka 2015, ndugu zetu wengi walikuwa wanapelekwa India kwa upasuaji huu, na kuna waliokufa wakisubiri zamu ya safari. Wangekuwa na asubuhi yako ya leo, unadhani wangekaa?

Kuna mjukuu hajui kusuka ukili, na wewe ndiye unayejua. Kuna shamba la Pangani hujalitia mguu miaka minne. Kuna rafiki mliyecheza naye bao ujanani, mko mji mmoja, mnapelekeana salamu kwa watu. Kuna bahari. Una bahari dakika 20 kutoka mlangoni, na mara ya mwisho kuigusa ilikuwa lini? Mimi jioni sasa nina watoto saba chini ya ule ule mwembe, nawafundisha hesabu. Kiti cha plastiki anakalia anayekosa jibu, ili akae atulie afikiri. Mimi nasimama. Ubao unataka mtu aliyesimama.

Jumatatu nina kliniki. Najua nitamkuta yule mama wa Muheza benchini, kikapu miguuni. Nitamwamkia, ataitikia, atanimenyea chungwa, na kabla sijaketi vizuri atauliza lile swali lake. Safari hii ninayo ya kumjibu, tena mengi, na nina hesabu za watoto saba za kumwonyesha.

Nawe siku moja utakaa karibu naye. Ana kawaida ya kuuliza kila mgeni.